Fimbo ya Mpinzani

Kwenye mbio za ski kuna sheria, kuna jopo la waamuzi na siku hizi kuna kamera kila kona. Lakini matukio yanayokumbukwa kuliko yote ni yale ambayo mtu alitenda haki bila kusukumwa na refa. Wewe na mwenzi wako, ambao nyumbani kwenu hakuna refa, hapa pana kitu cha kujifunza.

Hebu vuta picha. Ni Februari 14, 2006, siku ya wapendanao. Wakati wengine wanahangaika na maua na kutafuta meza hotelini, huko Pragelato, kwenye milima iliyo karibu na jiji la Turin, Italia, kuna fainali ya Olimpiki. Mwanadada wa Kanada, Sara Renner, yuko kwenye kundi la mbele kabisa na anapeta. Mara fimbo yake ya kushoto inakanyagwa, inavunjika. Kwenye mchezo huu, kubaki na fimbo moja ni sawa na kupiga kasia kwa mkono mmoja. Wapinzani wanampita, mmoja, wa pili, wa tatu.

Hapo hapo, mwanamume mmoja aliyesimama kando ya njia anamnyooshea fimbo nyingine. Renner anaipokea, anaendelea na mbio. Sasa sikia utamu wake: mwanamume yule hakuwa Mkanada. Alikuwa Bjørnar Håkensmoen, kocha wa Norwei, na timu yake ilikuwa kwenye fainali ile ile ikiitafuta medali ile ile.

Tulia kidogo, ujiulize. Ungekuwa wewe, ungetoa fimbo?

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Najua wengi wetu theluji tunaiona kwenye sinema tu, au kwa mbali juu ya Kilimanjaro. Basi tuelewane kwanza. Ski ni vibao virefu na vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu. Kuna wanaoshuka mlima kwa kasi ya kutisha, hao tuwaache. Tunaowazungumzia hapa ni wakimbiaji wa masafa, wanaopanda vilima, kushuka mabondeni na kupita katikati ya misitu kwa nguvu zao wenyewe, huku wakijisukuma kwa fimbo mbili. Kwa Olimpiki mbio zinaanzia zile fupi za dakika chache mpaka kilomita 50. Kwa mtu wa kwetu, ni marathoni iliyohamishiwa kwenye theluji, halafu mikono nayo ikapewa kazi.

Kuna mitindo miwili. Ule wa asili unamtaka mchezaji aweke ski zake sambamba, mara nyingi ndani ya mifereji miwili iliyochorwa kwenye theluji. Mtindo huru unamruhusu apige hatua za pembeni kama mtu anayeteleza kwenye barafu, na una kasi zaidi. Kwa hiyo mtu akipiga hatua hizo za pembeni kwenye mbio za mtindo wa asili, anaiba. Hata urefu wa fimbo una sheria yake: kwenye mtindo wa asili haitakiwi kuzidi asilimia 83 ya urefu wa mchezaji.

Shida ya mchezo huu ni kwamba hauchezwi kwenye uwanja mmoja ambao refa anaweza kuuona wote. Njia inazama msituni, inapinda, inapotelea nyuma ya kilima. Kuna wasimamizi waliopangwa sehemu mbalimbali na kuna jopo linaloamua, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mbio ilikuwa kati ya mchezaji, mpinzani wake na dhamiri zao. Ndiyo maana mchezo huu umejaa visa vya uungwana, na ndiyo maana pia umejaa visa vya wizi.

BEI YA FIMBO MOJA

Turudi Pragelato. Mbio zile zilikuwa za wawili wawili, wakipokezana, kila mmoja akizunguka mara tatu. Mwenzake Renner alikuwa Beckie Scott, jina ambalo tutakutana nalo tena. Fimbo ya Mnorwei ilikuwa ndefu kuliko ile ya Renner kwa sentimita 12 hivi, yaani haikuwa saizi yake hata kidogo. Lakini ndefu ni bora kuliko kukosa. Renner alikaza, akawarudia waliomwacha, akakabidhi zamu kwa Scott.

Matokeo? Uswidi dhahabu. Kanada fedha, nyuma kwa chini ya sekunde moja. Ufini shaba. Na Norwei? Nafasi ya nne. Nafasi ile chungu kuliko zote, ambayo unaliona jukwaa kwa karibu lakini hupandi.

Fanya hesabu ndogo. Kanada wangepotea kwa ile fimbo iliyovunjika, Norwei wangeweza kabisa kuondoka na shaba. Tena ujue, Norwei ni nchi ambayo mchezo huu kwao ni kama mpira kwa Brazili. Na Michezo ile waliimaliza bila dhahabu hata moja kwenye mbio hizi. Kwa hiyo usidhani yule kocha alitoa kilichozidi. Alitoa kitu ambacho kwao kilikuwa kimeadimika.

Cha kufurahisha ni kwamba Håkensmoen mwenyewe hakuona kama amefanya maajabu. Kwa jinsi alivyolelewa kwenye mchezo ule, aliyepata ajali njiani anasaidiwa, halafu mashindano yanaendelea. Ushindi wa kumpita mtu mwenye fimbo moja, kwake yeye, usingekuwa na ladha.

Wakanada ndio hawakukubali yapite hivi hivi. Renner alimpelekea chupa ya mvinyo. Wananchi wakachangishana, wakatuma Norwei tani kama tano za maple, ile sharubati tamu inayotokana na utomvu wa mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Tani tano! Watu wanaoana kwa mahari ndogo kuliko hiyo.

Na hapa kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Kocha yule hakuvunja sheria yoyote. Kanuni zinaruhusu mchezaji kubadilisha fimbo njiani. Ila hakuna kanuni inayomlazimisha mpinzani akupe. Sheria iliacha mlango wazi, uungwana ndio ulioingia. Ndivyo ilivyo na ndoa: cheti kinasema mmeoana, hakisemi nani ataamka saa nane usiku mtoto akilia.

SEKUNDE MOJA UKIIGAWA MARA MIA

Lakini tusije tukadhani uungwana unatosha peke yake. Sheria nazo zinatakiwa ziwe na akili.

Mwaka 1980 huko Lake Placid, Marekani, kulikuwa na mbio za kilomita 15. Jitu la Kifini lenye ndevu nyingi, Juha Mieto, lilimaliza kwa dakika 41, sekunde 57 na sehemu 64 za mia. Msweden Thomas Wassberg alikuwa bado njiani, kwa sababu wachezaji walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwa kupishana. Wassberg alipofika, saa ikasoma dakika 41, sekunde 57 na sehemu 63 za mia.

Umeelewa? Kilomita 15 za vilima, baridi na jasho, halafu dhahabu inaamuliwa na sehemu moja ya mia ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu zaidi ya hapo. Na Mieto alikuwa na mkosi wa saa tangu zamani: mwaka 1972 kule Sapporo, Japani, alikosa shaba ya umbali huo huo kwa sehemu sita za mia.

Wassberg, aliyeshinda, hakuridhika. Akapendekeza medali zile mbili ziyeyushwe, zitengenezwe mbili mpya zenye nusu dhahabu na nusu fedha. Haikufanyika, lakini wakubwa wa mchezo walikaa chini wakatafakari. Baada ya hapo mbio hizi zikawa zinapimwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, basi. Wawili wakilingana kwenye kumi hiyo, wanahesabiwa wamelingana.

Mimi hapa napenda vitu viwili. Kwanza, aliyelalamikia sheria alikuwa mshindi. Ni rahisi kulalamika ukiwa umeonewa. Kulalamika wakati sheria imekubeba wewe, hiyo ni kazi ya watu wachache. Pili, waliokuwa na mamlaka walikubali kubadilika. Waligundua kwamba kipimo kikali sana nacho kinaweza kuonea, kwa sababu kinajifanya kuona tofauti ambayo kwa wanadamu haina maana.

Sasa jiulize, nyumbani mnapimana kwa kipimo gani? Kuna watu wanahesabu kila kikombe kilichooshwa na kila meseji iliyochelewa kujibiwa. Ukipima hivyo, kila siku lazima mmoja wenu ashindwe.

REFA NA KESI YA JANA

Tuwaangalie sasa waamuzi wenyewe. Jopo lina silaha kadhaa. Linaweza kutoa onyo la maandishi, ambalo mashabiki hulichukulia kama kadi ya njano. Linaweza kumshusha mchezaji nafasi, au kumfuta kabisa kwenye matokeo. Makosa ya kawaida ni kumziba mwenzako asipite, kumkata njia, au kutumia mtindo usioruhusiwa. Kwenye kumaliza, kamera inaangalia ncha ya kiatu cha mbele, siyo ncha ya ski.

Mtihani mzito wa waamuzi hawa ulikuja mwaka 2021, na mtu wa katikati alikuwa yule yule mara mbili: Mrusi Alexander Bolshunov.

Januari mwaka ule, mji wa Lahti, Ufini, kwenye mbio za kupokezana. Mita za mwisho, Bolshunov anachuana na Mfini Joni Mäki. Mäki anasogea upande ambao Bolshunov anataka kupita. Bolshunov hasira zinampanda, anamrushia fimbo, na baada ya mstari wa kumalizia anamvamia mpaka chini. Dunia nzima ikaona kwenye televisheni. Jopo halikuzunguka mbuyu: timu yake ikafutwa kwenye matokeo. Baadaye aliomba radhi, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

Wiki sita tu baadaye, Machi 7, mji wa Oberstdorf, Ujerumani, kilomita 50 za ubingwa wa dunia. Zaidi ya saa mbili za mateso, halafu kila kitu kinabaki kwenye mita za mwisho. Bolshunov na Johannes Høsflot Klæbo wa Norwei wanabanana, wanagusana, fimbo ya Bolshunov inavunjika. Klæbo anapita wa kwanza, mikono juu. Mnorwei mwingine, Emil Iversen, anamaliza wa pili. Bolshunov wa tatu.

Jiweke kwenye viatu vya waamuzi. Anayelalamika ni yule jamaa wa Lahti. Mtaani wengi wangesema: “Mwacheni, kimemrudia.” Lakini jopo lilitazama picha za siku ile, sio za Januari. Likaona Klæbo ndiye aliyemwingilia mwenzake. Klæbo akafutwa, dhahabu ikaenda kwa Iversen, Bolshunov akapanda mpaka fedha. Norwei walipinga, uamuzi ukabaki pale pale.

Mpaka leo kuna watu wanabishana kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Ubishi ni haki yao. Lakini kitu kimoja hakibishaniki: mtu aliyekosa mwezi wa kwanza alisikilizwa mwezi wa tatu kama mtu asiye na kesi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ya refa, kumtazama mtu kwa tukio lililoko mezani.

Hapa wapenzi wengi tunaanguka. Ugomvi unaanza na umeme kutolipiwa, dakika tano baadaye mnajadili alichosema shangazi yako kwenye sendoff miaka minne iliyopita. Aliyekosea jana anakuwa mkosaji wa kudumu; hata akionewa leo, hana pa kushtaki. Nyumba ya namna hiyo hata mwenye haki atachoka kuishi humo.

HAKI ILIYOCHELEWA

Sasa turudi kwa Beckie Scott, yule mwenzake Renner.

Mwaka 2002, Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani. Scott anashindana kwenye mbio za awamu mbili, kilomita tano na nyingine tano. Mbele yake wamemaliza Warusi wawili, Olga Danilova na Larisa Lazutina. Yeye anapigania shaba na Katerina Neumannova wa Jamhuri ya Cheki mpaka kwenye mstari, anampita kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kanada kwenye mchezo huu. Furaha si mchezo.

Kabla Michezo haijafungwa, vipimo vikaonyesha Danilova na Lazutina walikuwa wametumia dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Kwenye mchezo wa pumzi kama huu, hiyo ni kuchakachua kwa kiwango cha juu. Hawakuwa peke yao. Johann Mühlegg, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akiichezea Uhispania, naye alinaswa kwa dawa hiyo hiyo akiwa ameshajikusanyia dhahabu tatu.

Ungetegemea medali zihamishwe siku hiyo hiyo, sivyo? Wapi! Sampuli zilizonaswa zilikuwa za siku nyingine, sio za mbio zile ambazo Scott alipata shaba. Kesi ikaenda rufaa, ikarudi, ikaenda tena. Scott akapandishwa kutoka shaba hadi fedha mwaka 2003, na mwezi Juni 2004, huko Vancouver, ndipo alipovalishwa dhahabu. Zaidi ya miaka miwili. Hakuna theluji, hakuna umati wa Salt Lake, hakuna bendera kupanda usiku ule ambao moyo ulikuwa unadunda. Wanorwei Thomas Alsgaard na Frode Estil nao walisubiri. Walilingana nyuma ya Mühlegg kwenye mbio za awamu mbili, kilomita 10 na nyingine 10, na alipofutwa wote wawili wakawa mabingwa.

Haki iliyochelewa ni haki, lakini ina makovu. Na ukitaka kujua makovu hayo yalimfanya nini Scott, tazama maisha yake baada ya hapo. Mwaka 2006 wanamichezo wenzake walimchagua kuingia kwenye kamisheni yao ya Olimpiki. Baadaye akaongoza kamati ya wanamichezo ya shirika la dunia la kupambana na dawa hizo. Mwaka 2018 akajiuzulu kwenye kamati nyingine ya shirika hilo, akipinga Urusi kurudishwa kundini. Uchungu wake hakuugeuza kuwa kinyongo, aliugeuza kuwa kazi.

MKE KAPOKEA, MUME KATOA

Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niitake habari hii kwenye jarida letu.

Sochi, Urusi, Februari 11, 2014. Nusu fainali ya mbio fupi za wanaume. Kijana wa nyumbani, Anton Gafarov, anaanguka. Ski yake inavunjika. Anainuka, anaendelea, anaanguka tena. Sasa ile ski imechanika na inamburuta kama kamba mguuni. Wenzake walishafika zamani. Ana nafasi moja tu iliyobaki, kumaliza, na hata hiyo inaponyoka. Kando ya njia watu wanatazama.

Mmoja akatoka mbio akiwa na ski mkononi. Akapiga magoti kwenye theluji, akamfungua Gafarov ile iliyovunjika, akamfunga nzima. Hakuna maneno mengi. Gafarov akaondoka, akamaliza kama dakika tatu nyuma ya wengine huku uwanja mzima ukimshangilia.

Jamaa yule alikuwa kocha wa Kanada, Justin Wadsworth, Mmarekani ambaye naye aliwahi kuwa mchezaji. Na mke wake anaitwa nani? Beckie Scott.

Naam. Mwaka 2006 mke alipanda jukwaani kwa sababu kocha wa timu nyingine alitoa fimbo. Miaka minane baadaye mume akatoa ski kwa mchezaji wa timu nyingine. Tena wa Urusi, taifa la wale wawili waliomnyima Scott dhahabu yake kwa miaka miwili. Angeweza kusema, “Hawa tena?” Hakusema. Gafarov hakuwa Danilova wala Lazutina. Alikuwa kijana aliyeanguka mbele ya watu wake.

Siwezi kujua mazungumzo ya nyumba ya watu. Ila najua wema una tabia ya kutorudi ulikotoka, unaenda mbele. Ile fimbo ya Pragelato ilikuwa bado inatembea.

KUMSUBIRI WA MWISHO

Na sisi Afrika Mashariki tumo. Mwaka 1998, Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 ambaye alianza kujifunza ski mwaka 1996, kambi ikiwa Ufini, kwa udhamini wa Nike. Kabla ya hapo theluji alikuwa hajaiona kwa macho. Siku ya mbio hali ya hewa ilikuwa mbovu, theluji imelowa na kunata. Alianguka, akainuka, akaendelea. Alishika nafasi ya 92, ya mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, mtu ambaye alistaafu akiwa na dhahabu nane za Olimpiki. Angeweza kuwa ameshaoga. Sherehe ya washindi ilikuwa inamsubiri yeye. Lakini alikataa kuondoka, akabaki pale kwenye mstari mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Wawili hao wakawa marafiki, na Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Hakuja kutalii.

Tabia ile ikaota mizizi. Sochi 2014, bingwa wa kilomita 15, Dario Cologna wa Uswisi, alimsubiri Roberto Carcelén wa Peru, aliyemaliza wa mwisho akiwa na mbavu iliyovunjika. Pyeongchang 2018, Mmeksiko Germán Madrazo, mtu wa miaka 43, alimaliza wa mwisho akipeperusha bendera yake, akapokelewa na wale waliokuwa mkiani pamoja naye, akiwemo Pita Taufatofua wa Tonga na Samir Azzimani wa Moroko. Wakambeba mabegani kama bingwa. Beijing 2022, Mfini Iivo Niskanen alichukua dhahabu ya kilomita 15, halafu akasimama kwenye baridi zaidi ya robo saa kumsubiri Mkolombia Carlos Andrés Quintana.

Hakuna kipengele cha sheria kinachosema bingwa amsubiri wa mwisho. Lakini fikiria kile kinachosemwa na kitendo kile: njia ngumu niliyopita mimi umeipita na wewe. Umelipa bei ile ile, pengine kubwa zaidi.

NYUMBANI HAKUNA REFA

Basi, mpenzi msomaji, mimi sina ski za kukuuzia. Nina maswali matano ya kwenda nayo nyumbani. Yasomeni pamoja, na mtu asiyatumie kama rungu.

1. Mwenzako akivunjikiwa fimbo, unampa yako au unapita? Amefukuzwa kazi, amefeli mtihani, biashara imekufa. Kuna wapenzi ambao kwa siri wanafurahi mwenzao akishuka kidogo, ili wao waonekane wamepanda.

2. Sheria ikikubeba wewe, unaweza kusema “hapa hapana”? Labda mila inakuruhusu usishike ufagio, au mshahara wako unakupa sauti ya mwisho. Wassberg alikuwa na dhahabu mkononi na bado aliona kipimo kina kasoro.

3. Unahukumu tukio la leo au faili zima? Kama mlishasameheana, faili limefungwa. Kama hujasamehe, sema hujasamehe. Usijifanye.

4. Unajua kuomba radhi inavyotakiwa? Bolshunov aliomba, na adhabu ilibaki. Kuomba radhi hakufuti matokeo papo hapo. Anayeomba radhi ili mjadala ufungwe haraka, huyo anataka rufaa.

5. Ukifika mapema, unamsubiri? Mmoja anapanda cheo, anajua mji, anajua lugha za wakubwa. Mwingine bado yuko kilimani. Dakika 20 za Dæhlie hazikumpunguzia dhahabu hata gramu moja.

Sheria zinahitajika. Bila vipimo vya maabara, Scott angebaki na shaba mpaka leo. Bila kamera, kesi ya Oberstdorf ingekuwa neno la mmoja dhidi ya mwingine. Hata nyumbani, yapo mambo ya kupeleka kwa wazee, kwa mshauri, au polisi, na hakuna uungwana wa kuvumilia kipigo. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya wawili inapita msituni, nyuma ya kilima, ambako hakuna msimamizi wala mashabiki. Huko mtu anabaki na alichonacho mkononi, na mwenzake aliyepungukiwa.

Siku ya wapendanao ikija tena, maua nunua tu, hayana ubaya. Ila mtazame vizuri huyo uliye naye. Inawezekana kabisa amekuwa akikimbia na fimbo moja muda mrefu, na amekaa kimya.